Vitabu tunavyopeleka nyumbani vinasomwa na nani?



Kila yanapotoka matokeo ya mitihani huko nyumbani, mazungumzo yetu sisi tulioko nje huwa ni yale yale. Mmoja atasema walimu hawatoshi. Wa pili atasema vitabu hakuna. Wa tatu atataja majengo, watoto wanakaa chini. Wa nne atawatupia lawama wazazi kwamba hawafuatilii. Wa tano ataimaliza na serikali. Halafu, kwa kuwa sote tunapapenda kwetu, zitachangwa pauni, dola na riali, litajazwa kontena la vitabu na kompyuta zilizokwishatumika, litapelekwa bandarini, na picha zitapigwa. Nia ni njema, na sitaki mtu anifahamu vibaya. Lakini baada ya picha, ni nani aliyerudi kuuliza mtoto amejifunza nini?

Leo nataka kuihoji ile orodha yenyewe. Walimu, vitabu, majengo, wazazi, chakula, umbali wa skuli, yote hayo ni kweli. Ubaya wa orodha ni kwamba inatufanya tuone sababu za kufaulu kama mizigo kwenye mizani: ukiongeza kitu kimoja, mizani inapanda kidogo. Elimu haiendi hivyo. Utafiti wa miaka mingi, na mwingi wake umefanyika kwetu Afrika Mashariki, unaonesha kwamba unaweza kuongeza kitu kizuri kabisa na mizani isitikisike. Tukijua kwa nini haitikisiki, tutajua pia nini cha kufanya.

Tuanze na ugomvi wa zamani: je, mtoto anafaulu kwa sababu ya nyumbani kwao au kwa sababu ya skuli yake?

Mwaka 1966 huko Marekani ilitoka ripoti ya James Coleman, iliyohusu mamia ya maelfu ya wanafunzi. Ilisema hali ya familia inaeleza tofauti za watoto kuliko vifaa vya skuli. Wengi waliisoma vibaya, kana kwamba imesema skuli si kitu. Lakini Stephen Heyneman, aliyefanya utafiti wake Uganda katika miaka ya 1970, aliona jambo lisilolingana na hilo: huko uhusiano kati ya hali ya mzazi na alama za mtoto ulikuwa dhaifu. Mwaka 1983 yeye na William Loxley wakachapisha ulinganisho wa nchi 29, na hitimisho lao likawa kwamba kadiri nchi inavyokuwa maskini, ndivyo ubora wa skuli na walimu unavyozidi kuwa na uzito. Habari njema hiyo! Maana yake mtoto wa mkulima na mtoto wa karani wangeweza kukaa dawati moja wakashindana kwa haki.

Lakini habari hiyo haikudumu. Mwaka 2002 David Baker na wenzake waliangalia takwimu za miaka ya 1990 wakaona kwamba hata katika nchi nyingi zisizo tajiri, hali ya nyumbani imeshika usukani kama ilivyo kwa matajiri. Kuna maelezo kadhaa: skuli zimeenea, na wenye uwezo wamepata njia zao za kuwasukuma watoto wao mbele. Mimi naona kwetu kuna njia moja kubwa ambayo orodha zetu zinaipita kila siku. Nitaifikia, lakini kwanza twende Busia.

Mwaka 1996, magharibi ya Kenya, skuli 25 katika wilaya za Busia na Teso zilipewa vitabu vya kiada, na nyingine zikaachwa kwanza ili zilinganishwe. Watafiti walikuwa Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin (Kremer huyu ndiye aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019). Kabla ya hapo vitabu vilikuwa adimu, wanafunzi wengi wakigombania kimoja. Nani angetilia shaka kwamba vitabu vitapandisha alama? Matokeo, yaliyochapishwa rasmi 2009, yalikuwa kwamba kwa wastani alama HAZIKUPANDA. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri kabla ya vitabu kuja. Waliobaki, ambao ndio wengi, walibaki pale pale.

Kwa nini? Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huko Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Wengi hawakuweza kukisoma kitabu walichokuwa wamekishika mkononi. Tena mtaala wenyewe ulipangwa kwa kumfikiria mtoto atakayefika juu, si yule wa katikati wala wa mwisho. Kitabu kilifika, mtoto alikuwepo, lakini hawakukutana.

Watafiti hao hao, pamoja na Eric Zitzewitz, walifanya jaribio jingine la chati za ukutani zenye michoro ya masomo, katika skuli 178. Hapa pana funzo kwa wote wanaopenda kusema "utafiti unaonesha". Ukilinganisha tu skuli zilizokuwa na chati na zisizokuwa nazo, utaona zenye chati zinafanya vizuri. Ungeandika ripoti na kumwambia mfadhili: leta chati! Lakini zilipogawiwa kwa bahati nasibu, faida ikayeyuka. Chati hazikuwa sababu ya kufaulu. Skuli zenye mwalimu mkuu makini na wazazi wenye nguvu ndizo zilizokuwa na chati, na zingefaulu hata bila ya chati. Sasa jiulize: katika orodha zetu, ni vitu vingapi vilivyo sababu, na vingapi ni alama tu za skuli iliyokwisha kuwa nzuri?

Hata dawa za minyoo, ambazo mimi naziunga mkono kwa mikono miwili, zilitoa somo kama hilo. Edward Miguel na Kremer walionesha mwaka 2004 kwamba katika skuli 75 za Busia utoro ulipungua kwa takriban robo baada ya watoto kupewa dawa. Hilo ni jambo kubwa kwa afya na kwa mahudhurio. Lakini alama za mitihani hazikupanda kwa muda waliouangalia. Mtoto alikuja darasani akiwa mzima. Kilichokuwa kinamngoja darasani hakikubadilika.

Haya, tuingie kwetu Tanzania, bara na visiwani.

Mwezi Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha 4 ya mwaka 2012. Takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata divisheni ziro. Nchi nzima ilishituka, Waziri Mkuu akaunda tume. Sehemu ya balaa ilitokana na utaratibu wa kupanga alama, na mwezi Mei matokeo yakapangwa upya, lakini waliofeli bado walikuwa wengi mno. Ikaja ile orodha yetu: maabara hakuna, walimu wachache, sekondari za kata zimejengwa haraka haraka. Yote kweli. Lakini zingatia jambo hili. Wengi wa watoto hao walisoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu, tena mara nyingi wakifundishwa na mwalimu ambaye mwenyewe anakihofia. Halafu siku ya kwanza ya kidato cha 1 wanaambiwa: kuanzia leo baiolojia, historia, jiografia, hesabu, vyote kwa Kiingereza. Baada ya miaka minne wanatahiniwa kwa lugha hiyo. Sasa mtihani huo ulipima baiolojia au ulipima Kiingereza?

Aliyewahi kuingia darasa la namna hii anajua mambo yanavyokwenda. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza. Wanafunzi wananakili. Akiuliza swali, kimya. Akilirudia kwa Kiswahili, mikono inanyanyuka. Basi anaeleza kwa Kiswahili, karibu kwa kuiba, halafu anarudi ubaoni kuandika nukuu za Kiingereza ambazo mtoto atakwenda kuzikariri neno kwa neno. Mtoto amefahamu kwa lugha moja na atatahiniwa kwa nyengine. Huko ni kumpigia mbuzi gitaa, halafu mbuzi akaadhibiwa kwa kutocheza!

Jambo hili si geni. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kukuta kwamba walio wengi hawakuwa na uwezo wa kusomea kwa lugha hiyo. Ungetegemea wapendekeze nini? Walipendekeza Kiingereza kibaki na kitiwe nguvu, na ukaja mradi wa kuleta vitabu vya hadithi vya Kiingereza. Vitabu tena! Wataalamu wetu kama Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell wameandika juu ya msiba huu tangu miaka ya 1990. Halima Mwinsheikhe alifanya majaribio ya kufundisha sayansi kwa Kiswahili katika sekondari, akaona wanafunzi wanafahamu na kushiriki zaidi. Sera ya Elimu ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini sekondari zikaendelea na Kiingereza kama kawaida. Na Zanzibar, Sera ya Elimu ya 2006 ilikwenda upande wa pili kabisa: hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tokea darasa la 5. Yaani ukuta uliokuwa mlangoni mwa sekondari ukasogezwa karibu zaidi na mtoto mdogo.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye ule ugomvi wa nyumbani na skuli. Lugha ya mtihani ndiyo moja ya njia ambazo hali ya nyumbani hupitia kuingia darasani. Mtoto wa Masaki au Mazizini ambaye baba anazungumza naye Kiingereza, mwenye televisheni, vitabu na mwalimu wa tuisheni, anaufungua mlango kwa ufunguo alioupata kwao. Mtoto wa Micheweni au Masasi ufunguo huo hana, na skuli haimpi. Kisha tunatoa takwimu kwamba watoto wa wenye uwezo wanafaulu zaidi, tunahitimisha kwamba wazazi maskini hawafuatilii elimu! Mzazi atafuatilia nini katika daftari asiloweza kulisoma? Tukiiondoa lugha kwenye hesabu zetu, tunamlaumu mtu kwa kosa la mfumo.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo bora niyatangulie.

La kwanza: "Kiingereza ndiyo dunia. Bila ya Kiingereza sisi tusingefika huku tuliko." Sawa kabisa, na sina ugomvi na Kiingereza. Mtoto wetu akijue, tena akijue vizuri, afundishwe na mwalimu anayekimudu. Lakini kufundisha lugha ni jambo moja, na kufundisha kila kitu kwa lugha ambayo mtoto hajaijua ni jambo jengine. Waturuki, Wakorea, watoto wao wanaanza kuijua hesabu kwa lugha wanayoifahamu. Na wanaosema Kiswahili hakina istilahi za sayansi, TUKI ilikwishachapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Istilahi zipo. Hazijapewa nafasi darasani.

La pili: "Nyinyi mnaosema hivi watoto wenu wanasoma London na Toronto kwa Kiingereza. Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Swali la haki. Lakini mtoto wetu wa London anasoma kwa lugha ya mtaa wake, ya marafiki zake, ya katuni zake. Yeye ndiye mfano wa ninachokitetea. Tunachowatakia wale wa nyumbani ni kile kile: wasome kwa lugha ya mtaani kwao.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo ni kwamba lugha peke yake haitoshi. Nakubali. Mgala muue na haki umpe. Kule Kenya Benjamin Piper na wenzake walijaribu kufundisha kusoma kwa lugha za nyumbani, Kikamba na Kibukusu. Watoto waliisoma lugha yao vizuri zaidi, lakini hawakupata faida ya ziada katika Kiingereza na Kiswahili. Na tusisahau kwamba skuli zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili miaka yote hii na bado wako watoto wanaofika madarasa ya juu bila ya kusoma hadithi fupi ya darasa la 2, kama vipimo vya Uwezo vilivyoanza mwaka 2010 vilivyoonesha. Kwa hiyo hoja yangu si kwamba badilisha lugha basi mambo yamekwisha. Ukifanya hivyo nitakuwa nimeongeza kitu kimoja tu kwenye orodha ile ile.

Hoja yangu ni hii: kila kitu kwenye orodha kinafanya kazi pale tu kinapomkuta mtoto alipo. Lugha ni sharti la kwanza kwa sababu bila ya hiyo hakuna kinachomkuta. La pili ni kiwango: somo lianzie anapojua, si mtaala unapodai awe. La tatu ni mwalimu, awepo, na awe na sababu ya kujali.

Angalia ushahidi wa mambo yaliyofanya kazi. Baada ya Kenya kufuta ada za msingi mwaka 2003, madarasa ya kwanza yalifurika. Mwaka 2005 skuli 121 za magharibi ya Kenya zilipata mwalimu wa ziada, na katika nusu ya skuli hizo watoto waligawiwa kwa kiwango chao cha kujua. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walikuta kwamba alama zilipanda kwa waliokuwa mbele na kwa waliokuwa nyuma pia, kwa sababu mwalimu aliweza kulenga. Mpango wa Tusome, ulioanza nchi nzima mwaka 2015, uligawa vitabu vya Kiswahili na Kiingereza kwa watoto wa madarasa ya chini, lakini haukuvitupa mlangoni. Viliandikwa kwa kiwango chao, mwalimu alipewa mwongozo wa kila somo, na maafisa wakawa wanaingia darasani kumsaidia. Usomaji ukapanda. Nchi ni ile ile ya jaribio la Busia, na vitabu ni vitabu. Tofauti ni kwamba safari hii vilikutana na mtoto.

Ushahidi wa kwetu Tanzania ndio unaonivutia zaidi. Mwaka 2013 na 2014, katika skuli 350 za wilaya 10, Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao walijaribu mambo matatu. Kundi moja la skuli lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili, walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mwanafunzi atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Bonasi peke yake ilileta mabadiliko machache. Vyote viwili kwa pamoja vikapandisha alama kuliko ukijumlisha matokeo ya kimoja kimoja. Kwa hiyo ile mizani haipo. Moja na moja inaweza kuwa sifuri na nukta, au inaweza kuwa tatu, inategemea vimekutana au havikukutana.

Na suala la mwalimu tusilifunike. Ripoti ya Tessa Bold na wenzake ya mwaka 2017, iliyohusu nchi saba za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ilikuta kwamba mtoto anapata takriban saa 3 tu za kufundishwa kwa siku, kati ya zaidi ya saa 5 zilizopangwa. Mara nyingi mwalimu yuko skuli, lakini hayumo darasani. Ukipeleka kompyuta 40 kwenye skuli hiyo, zitafundishwa na nani?

Basi tufanye nini sisi wa nje? Siwaambii muache kuchanga. Nasema kabla ya kufunga kontena tuulize maswali manne. Kwanza, watoto wa skuli hiyo wataisoma lugha ya vitabu hivi, si watano wa mbele, bali yule wa katikati? Pili, kitabu ni cha kiwango wanachokijua au cha darasa waliloandikishwa? Tatu, mwalimu atakayekitumia ameshirikishwa, au atakikuta ofisini kimefungiwa kabatini kisichafuke? Nne, baada ya mwaka mmoja tutajuaje kama mtoto amejifunza? Maswali haya hayana gharama. Na pengine majibu yake yatatuambia kwamba fedha ya usafiri wa kontena ingelipia uchapishaji wa vitabu vya hadithi vya Kiswahili pale pale nyumbani, vilivyoandikwa na waandishi wa pale pale.

Na liko jengine linalotuhusu khasa sisi tulio hapa. Wengi wetu ni walimu, wahadhiri, wafasiri. Tunasikilizwa nyumbani kuliko tunavyostahiki. Tukirudi likizo tukawaambia wazazi kwamba skuli nzuri ni ile inayoanza Kiingereza tokea chekechea, wanatuamini, wanauza shamba. Maneno yetu yana uzito kuliko makontena yetu. Kama tutaendelea kuipima skuli kwa lugha inayoandikwa kwenye bango la mlangoni badala ya kile ambacho mtoto anaweza kukusimulia akirudi nyumbani, basi na sisi tumo kwenye ile orodha ya sababu za kufeli.

Mwenye ushahidi unaonipinga na aulete, nitausoma kwa furaha. Naomba kuwasilisha.